Kukabidhi si Kutupa

Lipo neno ambalo likitamkwa katika kikao cha familia huzima mazungumzo yote: makao ya wazee. Mtoto mmoja akilitaja, mwingine hujibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Wa tatu huuliza majirani watasema nini. Na mkubwa wao hufunga kikao kwa kukumbusha kwamba katika ukoo huu mzazi hatupwi. Kila mtu huondoka akiwa ameridhika na heshima ya ukoo wake. Mzazi mwenyewe, ambaye mara nyingi hakuulizwa neno, hurudi chumbani kwake, na huko hakuna anayemngoja.

Ningependa kutetea maoni ambayo huenda yasimpendeze kila mtu. Kumkabidhi mzazi mikononi mwa watu wengine kunaweza kuwa tendo la upendo, na kumweka nyumbani kunaweza kuwa njia ya kumtupa. Jengo analolala mzee halitoshi kutuambia ni lipi kati ya hayo mawili tumelifanya. Tutalijua kwa uangalifu tuliomchagulia nao mpokeaji, kwa ridhaa ya mzee mwenyewe, na kwa nyayo zetu baada ya siku ya kumpeleka.

Tuwaze mama mjane wa miaka 81, mkazi wa Kadutu mjini Bukavu, katika nyumba ya mteremkoni aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe. Mwanawe wa kwanza anafanya kazi mgodini Kolwezi. Wa pili ameolewa Kampala. Wa tatu anaishi Brussels. Wa nne yupo mjini, lakini ni muuguzi wa zamu, na katika vyumba viwili anavyopanga analea watoto watano. Mama ana shinikizo la damu, ameanza kusahau sufuria motoni, na choo kiko nje, chini ya ngazi za mawe ambazo wakati wa mvua huteleza. Anayemtunza ni binti wa miaka 14 aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye kwa ajili ya kazi hiyo ameacha shule. Kila mwezi fedha hufika kutoka Brussels, na kila mwezi watoto huambiana kwa simu kwamba mama hajambo.

Familia za namna hii si ngeni mitaani kwetu, nazo husema kwa fahari kwamba hazikumpeleka mama popote. Kwa kweli zimekwisha kumkabidhi zamani. Zimemkabidhi kwa mtoto asiyeweza kusoma jina la dawa kwenye kisanduku, asiyeweza kumwinua akianguka, na ambaye yeye mwenyewe alistahili kutunzwa. Wala kabla ya kumkabidhi hivyo hakuna aliyechunguza lolote, kwa sababu hakuna aliyekubali kwamba anakabidhi.

Desturi tunayoitetea ilikuwa njema, lakini ilikuwa na masharti yake. Mzee wa zamani aliishi katika ua mmoja na wana, wakwe na wajukuu. Jikoni hapakukosa mtu, na usiku mjukuu alilala chumbani kwa bibi yake. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwatawanya wengi. Migodi, masomo na safari za Ulaya zikawatawanya wengine. Tumebaki na amri ya desturi bila watu wa kuitimiza. Tena tuseme ukweli mwingine unaouma: wapo wazee, hasa wanawake wajane, ambao katika vijiji vyetu vya Kivu wamesingiziwa uchawi, wakati mwingine na watu wa damu yao wenyewe, wakafukuzwa, na wengine wakauawa. Kumwambia mzee wa namna hiyo abaki katika ukoo ni kumrudisha kwenye hatari.

Sheria ya nchi inatudai utunzaji. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawawajibisha watoto kuwasaidia wazazi wao wenye uhitaji. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inampa mzee haki ya kulindwa kwa hatua maalumu zinazolingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya kimaadili. Wajibu huo humfuata mtoto popote mzazi wake anapolala.

Injili nayo inatufundisha pande zote mbili. Bwana aliwakemea vikali wale waliotangaza mali yao kuwa sadaka ili wasiwasaidie wazazi wao. Basi hakuna mchango wa parokia wala ada ya kikundi inayoweza kufuta deni hilo. Lakini Bwana huyohuyo, saa ya kufa kwake, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi ambaye Maria hakumzaa, naye akaenda kuishi kwake. Hakuna Mkristo anayesema kwamba Yesu alimtupa mama yake. Alimkabidhi kwa mtu aliyesimama chini ya msalaba wakati wengine walikuwa wamekimbia. Hicho ndicho kipimo cha kwanza: kumtafuta anayebaki pale ambapo wengine hukimbia.

Tutamtambuaje? Methali husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani; na nyingine huongeza kwamba nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Mgeni anayetarajiwa katika makao ya wazee hupokewa ofisini, saa nne asubuhi, sakafu ikiwa imekwisha kupigwa deki na wazee wakiwa wamevishwa nguo za Jumapili. Ziara hiyo ni ya adabu, nayo ifanywe. Lakini isihesabiwe kuwa uchunguzi. Rudi bila kuarifu, jioni ya siku ya kazi, wakati wa chakula au giza linapoingia. Ukizuiliwa kabisa kuingia, umekwisha kupata nusu ya jibu.

Ulizia usiku kabla ya kuulizia chumba. Ni wafanyakazi wangapi hubaki baada ya saa mbili, na kwa wazee wangapi? Mzee akiita saa tisa usiku, nani humsikia? Wazee wengi huanguka wakienda chooni gizani, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, wengi hawatembei tena kama zamani. Kwa hiyo tembea mwenyewe kutoka kitandani mpaka chooni. Hesabu ngazi, pitisha mkono ukutani uone kama kuna cha kushikilia, tazama kama sakafu inateleza. Uliza ni taa gani huwashwa umeme wa SNEL unapokatika, maji hutoka wapi mabomba ya REGIDESO yanapokauka, na nani huyabeba.

Kisha omba kuonyeshwa daftari la dawa. Mzee mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa sukari anaweza kumeza vidonge kila siku kwa miaka mingi, navyo haviachwi kwa sababu tu anajisikia nafuu. Makao mazuri huandika nani alipewa nini, saa ngapi, na nani alimpa. Hujua dawa itakwisha lini na nani atanunua nyingine. Hujua kituo cha afya kilicho karibu na njia ya kufika huko usiku. Pasipo daftari kuna kumbukumbu ya mfanyakazi mmoja tu, na mfanyakazi huyo naye huugua, hupumzika, huhama. Usione haya kuuliza pia kama wafanyakazi hulipwa kila mwezi, na kama waliokuwapo mwaka jana wangali wapo. Mtu aliyekaa miezi mitatu bila mshahara, huku wanawe wakifukuzwa shule, si rahisi awe na subira kwa mzee aliyelowesha shuka mara ya nne.

Usiwatazame wazee walioketi barazani pekee. Omba, kwa heshima, kumsalimia yule asiyeweza kutoka kitandani. Asiyeweza kujigeuza hupata vidonda mgongoni, kiunoni na visiginoni asipogeuzwa kila baada ya saa chache. Harufu ya mkojo wa siku nyingi, midomo iliyokauka, kikombe cha maji kilichowekwa mbali na mkono: haya husema kuliko maneno ya mkurugenzi. Wazee wengi hawahisi kiu kama vijana. Wasipokumbushwa kunywa, hukaukiwa kimyakimya. Yule aliye dhaifu kuliko wote ndiye anayekuonyesha jinsi mzazi wako atakavyotunzwa siku nguvu zitakapomwisha.

Kwa mzee aliyeanza kupotewa na kumbukumbu, ongeza maswali mengine. Anayetangatanga hufanywaje: hufuatwa, hufungiwa mlango, au hufungwa kwenye kiti? Je, hupewa dawa za kumlaza ili wafanyakazi nao walale? Na ni nani hapo anayejua lugha yake? Ugonjwa wa kusahau mara nyingi hudhoofisha kwanza lugha aliyojifunza mtu ukubwani na kuiacha ile ya utotoni. Yule mama wa Kadutu huenda mwakani akabaki na Mashi pekee, na mtu wa kumwitikia kwa Mashi atamfaa kuliko televisheni mpya.

Kwa kipimo hichohicho ndipo tupime pendekezo la mtoto wa Brussels, anayesema mama aletwe Ubelgiji. Makao ya huko yana vitanda vinavyoinuliwa kwa umeme, vyoo vyenye vyuma vya kushikilia, wauguzi wenye vyeti na ukaguzi wa serikali. Hayo ni mema ya kweli, wala tusiyadharau. Lakini mama ataongea na nani, na mwanawe atafika saa ngapi ikiwa anafanya kazi mbili? Katika wimbi la kwanza la Covid-19, mwaka 2020, zaidi ya nusu ya waliokufa kwa ugonjwa huo Ubelgiji walikuwa wakazi wa makao ya wazee, na kwa majuma mengi milango ilifungwa hata kwa watoto wao. Wala bei kubwa si dhamana. Mwezi wa Januari 2022 mwandishi wa habari Victor Castanet alichapisha nchini Ufaransa kitabu kiitwacho Les Fossoyeurs, kilichoeleza jinsi nepi na chakula vilivyopimwa kwa ubahili katika makao ya kifahari ili gharama zipungue na faida iongezeke. Serikali ya Ufaransa ikalazimika kuanzisha uchunguzi. Mlango mzuri haukuwalinda wazee waliokuwa ndani.

Atasema mtu: makao yetu hapa Kongo ni machache na maskini; mengi yanaendeshwa na masista au na parokia kwa misaada; je, ni haki kuwakagua watu wanaojitolea? Swali ni zuri. Jibu langu ni kwamba tutofautishe kukosa na kutojali. Makao yanaweza kukosa umeme, lakini taa ya sola ikawa imechajiwa na kuwekwa njiani kuelekea chooni. Yanaweza kukosa nyama, lakini sombe ikatwangwa laini kwa asiye na meno, na anayetetemeka mikono akalishwa bila kuharakishwa. Yanaweza kukosa vyumba vya mtu mmoja mmoja, lakini mzee akaogeshwa nyuma ya pazia na kuitwa kwa jina lake. Mtakatifu Jeanne Jugan, mwanzilishi wa shirika la Masista Wadogo wa Maskini, alianza mwaka 1839 huko Saint-Servan, Ufaransa, kwa kumchukua mama mmoja mzee, kipofu tena aliyepooza, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Jengo hakuwa nalo. Basi makao yanayokosa tuyasaidie. Yasiyojali tuyakimbie, hata yakiwa na vigae vinavyong'aa.

Baada ya kuchunguza, mapatano yaandikwe. Ada ya mwezi inahusu nini, na nini hulipwa kando? Mzee akilazwa hospitalini, nani hulipa na nani hukesha? Fedha za kutoka nje zikichelewa miezi miwili, atafanywaje? Akishindwa kutembea kabisa, atabaki au atarudishwa? Nani huitwa kwanza hali ikibadilika? Akifariki, atazikwa wapi na kwa gharama ya nani? Tunaogopa swali hili la mwisho kana kwamba kulitaja ni kuita kifo, lakini wazee wenyewe mara nyingi hawaliogopi. Wengi wangefarijika kusikia kwamba limekwisha kupatiwa jibu.

Nimesema ridhaa ya mzee, nami narudi hapo kwa sababu ndipo familia nyingi huanguka. Wakati mwingine makao ya wazee hutajwa kwa mara ya kwanza siku ile mtoto mmoja anapopata mnunuzi wa nyumba. Mzee si mjinga; anaelewa kwa nini wema umekuja ghafla. Kwa hiyo maneno ya makazi yake na maneno ya mali yake yasikae katika kikao kimoja. Aende mwenyewe kuyaona makao, aketi na wakazi wake bila mfanyakazi kusimama karibu, ale chakula chao. Akikubali, akae kwanza mwezi mmoja wa majaribio, huku nyumba yake ikiwa haijauzwa wala kupangishwa na ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Akikataa, asikilizwe sababu yake, maana huenda ameona kitu ambacho sisi hatukukiona. Hata aliyeanza kusahau ana namna ya kukubali na namna ya kukataa: hula au hukataa kula, hushika mkono wa anayemtunza au huurudisha wake.

Na ikiwa uchunguzi utaonyesha kwamba hakuna makao yanayofaa, wajibu haujaisha. Kipimo kilekile kirudishwe nyumbani. Yule binti wa miaka 14 arudi shuleni, na atafutwe mtu mzima anayelipwa mshahara wa haki na kupata siku ya kupumzika. Ngazi za mawe ziwekewe cha kushikilia, na usiku chombo cha kujisaidia kiwekwe karibu na kitanda. Daftari la dawa lifunguliwe, nalo lisomwe na yule mtoto muuguzi kila juma. Fedha zilizokuwa zikitumwa kutoka Brussels bila kujua zinafanya nini zipewe kazi hizi kwa majina. Nyumba ya ukoo haina haki ya kusamehewa maswali tunayowauliza masista.

Linabaki jambo la nyayo zetu. Kumkabidhi mzazi hakumalizi kazi. Hubadili sura yake. Familia imteue mmoja wake anayejulikana kwa jina na kwa namba ya simu, atakayejibu hata usiku. Wengine wagawane majuma ya kutembelea, tena kwa saa zisizofanana. Mtu ni watu: mzee mwenye wageni huheshimiwa, na mfanyakazi anayejua kwamba kesho mtu atafunua shuka na kutazama visigino, hukumbuka kumgeuza. Aliye mbali atume fedha, lakini pia apige simu ya kuzungumza na mzazi mwenyewe, wala asitosheke na habari kwamba hajambo.

Hapa ndipo sisi walei tulio pamoja katika kikundi tunapoingia. Papa Fransisko aliweka Siku ya Kimataifa ya Mababu, Mabibi na Wazee, ambayo tangu mwaka 2021 huadhimishwa Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Siku hiyo tunapeleka sabuni, sukari na nyimbo, tunapiga picha, tunarudi. Wazee hushukuru, kisha huhesabu miezi mpaka Julai nyingine. Napendekeza kila shirika la mtaa liandike orodha ya wazee wake wote: wanaoishi peke yao, wanaotunzwa na watoto wadogo, na wale waliopelekwa makaoni, maana hawa wa mwisho huwa tunawafuta kana kwamba wamehama jimbo. Kila jina liwe na mtu wawili wa kumtembelea mwezi hadi mwezi. Wawili hao wajifunze maswali machache yaliyotajwa hapa, nao wayaulize bila ukali, mahali popote wazee wanapolala, iwe kwa masista au kwa watoto wao wenyewe.

Kikao cha familia kitakapoitishwa tena, kianze kwa kumwita mzee na kumpa kiti. Aulizwe usiku wake unapitaje, anaogopa nini, na angependa kuwa karibu na nani. Majirani watasema watakayosema. Lakini wao si wanaoshuka zile ngazi saa tisa usiku.